Chura, Ngisi na Fuko: Jinsi Siri ya Neva Ilivyofichuka

Mjini Roma, katika karne ya 2, tabibu mmoja Mgiriki aliyeitwa Galen alikuwa akimfunga nguruwe mbele ya watu wakubwa wa mji na kumpasua shingoni. Nguruwe alipiga kelele za kuziba masikio. Galen akatafuta nyuzi mbili nyembamba zilizopita kandokando ya koo, akazikaza kwa uzi, na papo hapo kelele zikakatika. Mnyama aliendelea kupumua na kufurukuta, ila sauti haikutoka. Uzi ulipolegezwa, kelele zikarudi.

Yalikuwa maonyesho ya kikatili na sioni haja ya kuyapamba. Lakini hoja aliyoijenga Galen juu yake ilikuwa nzito. Wanafalsafa wengi wa wakati ule, wakimfuata Aristotle, walishikilia kwamba makao ya fikra ni moyo. Zile nyuzi za shingoni hazikutoka moyoni. Ukizifuata, zinaishia kwenye ubongo. Sauti ya nguruwe, basi, iliamriwa na ubongo, na amri ilisafiri kupitia neva.

Ilisafiri ikiwa nini? Hapo Galen alibaki kukisia. Alisema ubongo hutengeneza pumzi nyepesi, aina ya roho isiyoonekana, ambayo hupita ndani ya neva na kufika kwenye viungo. Vitabu vyake vilitafsiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad katika karne ya 9 na Hunayn ibn Ishaq na wenzake, vikaingia tena Ulaya kwa Kilatini, na kisio lile likafundishwa kama ukweli kwa zaidi ya miaka 1400. Hata Descartes, katika karne ya 17, bado alieleza kwamba msuli hujikunja kwa sababu roho hizo humiminika ndani yake na kuuvimbisha.

Historia ya namna swali hilo lilivyojibiwa ina majina mengi ya watu, na watu hao wamepewa tuzo na kuchongewa sanamu. Mimi naisoma zaidi kama historia ya wanyama. Karibu kila hatua ilingoja apatikane kiumbe ambaye mwili wake, kwa sababu zake mwenyewe za kutafuta riziki na kukimbia maadui, uliacha wazi jambo ambalo kwetu sisi limefichika.

Wa kwanza alikuwa chura. Ana damu baridi na mwili wake hutumia nguvu kidogo, kwa hiyo msuli wake ukitolewa pamoja na neva yake hukaa hai kwa saa nyingi. Mholanzi Jan Swammerdam aliitumia sifa hiyo katika miaka ya 1660. Aliuweka msuli wa chura ndani ya bomba la kioo lililozibwa, lenye mrija mwembamba na tone la maji juu yake. Kama kitu chochote kingemiminika kwenye msuli, ungevimba na tone lingesukumwa juu. Akaisisimua neva, msuli ukajikunja, na tone halikupanda. Ile roho ya Galen haikuwa na mahali pa kukaa. Swammerdam alikufa mwaka 1680 na sehemu kubwa ya maandishi yake ikakaa bila kuchapishwa hadi mwaka 1737, mwaka uleule ambao Luigi Galvani alizaliwa mjini Bologna, Italia.

Galvani alikuwa tabibu na mwalimu wa anatomia, mtu mpole na mcha Mungu, aliyefanya utafiti wake nyumbani pamoja na mkewe, Lucia Galeazzi, binti wa profesa aliyemfundisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1780 walikuwa na vyura waliochunwa juu ya meza na, si mbali na hapo, mashine ya kuzalisha cheche za umeme. Msaidizi mmoja aliigusa neva ya paja la chura kwa ncha ya kisu huku mtu mwingine akizungusha mashine. Cheche iliporuka, miguu ya chura aliyekufa ilirusha teke. Mashine haikuwa imeunganishwa na chura kwa waya wowote.

Kwa miaka kumi Galvani hakuliacha jambo hilo. Aliwatundika vyura nje wakati wa radi, wakarusha miguu. Aliwatundika kwa kulabu za shaba kwenye uzio wa chuma siku ya anga tulivu, na alipozibana kulabu zile dhidi ya chuma, wakarusha miguu tena. Mwaka 1791 alichapisha hitimisho lake: ndani ya mnyama mna umeme wake mwenyewe, na neva ndiyo njia yake.

Alessandro Volta, mwanafizikia wa Pavia, aliyarudia majaribio yale, mwanzoni akayasifu, kisha akayakataa. Umeme, alisema, unatoka kwenye metali mbili tofauti zinazogusana. Chura anaupima tu, hauzai. Galvani akajibu mwaka 1794 kwa jaribio lisilo na metali hata kidogo: aliigusisha neva moja kwa moja kwenye msuli, na msuli ukajikunja. Ubishi wao uliigawa Ulaya, na kilichonigusa siku zote ni kwamba wote wawili walikuwa wameshika ukweli. Volta alipanga sahani za fedha na zinki zikitenganishwa kwa vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi, na mwaka 1800 akautangazia ulimwengu betri ya kwanza, chombo ambacho yeye mwenyewe alikifananisha na kiungo cha samaki taa anayepiga watu kwa umeme. Galvani hakuishi kuiona. Lucia alikuwa ameshafariki. Mwaka 1798 aligoma kula kiapo kwa serikali mpya iliyowekwa na Wafaransa, akafukuzwa kazi, na Desemba mwaka huohuo akafa.

Kama neva inabeba umeme, watu wengi walidhani basi habari hupita humo kwa kasi ya radi. Johannes Müller, mwalimu mkuu wa fiziolojia huko Ujerumani, aliona kwamba huenda binadamu wasipate kamwe njia ya kuipima kasi hiyo. Mwanafunzi wake Hermann von Helmholtz aliipima akiwa Königsberg. Alichukua msuli wa shavu la mguu wa chura na neva yake ndefu, akaisisimua neva karibu na msuli, kisha mbali na msuli, na kwa chombo cha kupima vipande vidogo sana vya sekunde akaona kwamba safari ile ya mbali ilichelewa. Mkewe, Olga, alikaa naye akiandika vipimo. Mwanzoni mwa mwaka 1850 alitangaza jibu: takriban mita 27 kwa sekunde, yaani chini ya kilomita 100 kwa saa.

Jibu hilo liliwasumbua watu. Maana yake ni kwamba baina ya kuguswa na kujua kuwa umeguswa kuna muda. Mnyama mwenye mwili mrefu, kama twiga, ambaye habari ya ukwato wake ina mita kadhaa za kusafiri kabla ya kufika ubongoni, kwa kasi ya neva za chura angekuwa daima nyuma ya ukweli kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Fikra zilizodhaniwa kuwa juu ya maumbile sasa zilikuwa na kasi, na kasi hiyo ingeweza kuandikwa kwenye daftari. Na kama ingekuwa umeme wa kawaida ukipita kwenye waya, isingekuwa ndogo kiasi hicho. Kitu kingine kilikuwa kikitendeka.

Kabla ya kukijua kitu hicho ilibidi kujua neva ni nini hasa, na hapo darubini zilikuwa zimekwama. Kipande cha ubongo kikitazamwa kinaonekana kama msitu uliofungamana, huwezi kusema tawi hili ni la mti upi. Mwaka 1873 Camillo Golgi, daktari katika hospitali ya wagonjwa wasiotibika huko Abbiategrasso, karibu na Milano, alikuwa amegeuza jiko kuwa maabara. Alikilowesha kipande cha ubongo katika daikromati ya potasiamu, kisha katika nitrati ya fedha, na kwa sababu ambayo haikueleweka, seli chache tu kati ya nyingi zikawa nyeusi tititi, kila moja na matawi yake yote, juu ya usuli wa manjano.

Golgi alitazama na kuona wavu mmoja usiokatika, nyuzi zote zikiwa zimeungana. Mhispania Santiago Ramón y Cajal alionyeshwa vipande hivyo mjini Madrid mwaka 1887, akaiboresha dawa, na akafanya uchaguzi uliokuwa na busara kubwa: badala ya ubongo wa mnyama mzima aliyekomaa, alichukua vifaranga walio bado ndani ya yai na wanyama waliozaliwa punde, ambao neva zao hazijavikwa mafuta na matawi yao bado ni machache. Humo aliona wazi kwamba kila seli inasimama peke yake. Matawi yanakaribiana, yanagusana karibu, lakini hayaungani. Mwaka 1889 alisafiri hadi Berlin kwa fedha zake mwenyewe, akawavuta maprofesa mmoja mmoja kwenye darubini yake na kuwaonyesha kwa Kifaransa cha kubabaisha. Mwaka 1906 yeye na Golgi walipewa Tuzo ya Nobel pamoja, na Golgi aliitumia hotuba yake kuishambulia nadharia ya mwenzake. Cajal ndiye aliyekuwa na haki. Namna habari inavyovuka pengo lililopo kati ya seli na seli ilijulikana baadaye, mwaka 1921, wakati Otto Loewi wa Graz, Austria, alipotumia mioyo miwili ya vyura kuonyesha kwamba neva hutoa kemikali inayofika upande wa pili.

Ilibaki kujua jambo ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote: jicho, sikio, ngozi na ulimi huuambiaje ubongo mambo tofauti kiasi hiki?

Edgar Adrian wa Cambridge alilifikia kwa msuli mmoja mdogo wa chura. Ndani ya misuli kuna vipokezi, vichomozo vya seli vinavyohisi msuli unavyovutwa. Mwishoni mwa mwaka 1925, Adrian na Yngve Zotterman, kijana Msweden aliyekuja kujifunza kwake, walikata vipande vya msuli kimoja baada ya kingine hadi kikabaki kipokezi kimoja tu kilichounganishwa na uzi mmoja wa neva. Umeme wa uzi mmoja ni mdogo mno. Waliukuza kwa valvu za redio mara maelfu. Kisha wakautundikia msuli uzito.

Mapigo yakatokea, na yote yalikuwa na ukubwa uleule. Walipoongeza uzito, hakuna pigo lililokuwa kubwa zaidi; yalikuja haraka zaidi, basi. Uzito ulipoachwa ukining'inia, yalipungua polepole ijapokuwa uzito haukubadilika. Kwa uzi mmoja waliona kwa nini shati ulilovaa asubuhi hulihisi tena baada ya dakika chache, na kwa nini kuguswa kwa nguvu si sawa na kuguswa taratibu. Adrian aliendelea kwenye ngozi, kisha kwenye jicho, akakuta mapigo ya aina ileile. Neva ya jicho haibebi mwanga, wala neva ya sikio haibebi sauti. Zote hubeba pigo lilelile, na ubongo hutambua kuona na kusikia kwa sababu ya neva ambayo pigo limepita, jambo ambalo Müller alikuwa amelisema karibu miaka 100 kabla. Ndiyo maana mtu akipigwa jichoni gizani huona nyota.

Siku moja Adrian alikuwa ameunganisha neva ya jicho la chura na kipaza sauti ndani ya chumba chenye giza karibu kamili. Kipaza sauti kikawa kinakoroma mara kwa mara bila sababu aliyoijua. Mwisho alitambua kwamba kelele zile zilifuata nyendo zake mwenyewe chumbani: jicho la chura lilikuwa linamwona akipita. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1932.

Sasa lilibaki pigo lenyewe. Linatengenezwaje? Ilihitajika neva nene kiasi cha kuingizwa chombo ndani yake, na neva zetu hazifiki hata sehemu ya hamsini ya milimita kwa unene. Mwaka 1936 Mwingereza John Zachary Young alieleza kwamba nyuzi fulani za ngisi, zilizoweza kudhaniwa kuwa mishipa ya damu, ni neva, na baadhi yake zinafika unene wa nusu milimita hadi milimita nzima. Wavuvi wa pwani yetu wanajua anavyofanya ngisi akishtuka: mwili wote hujikaza kwa mkupuo mmoja, maji yakaruka, naye akaenda kinyumenyume. Mkupuo huo unataka amri inayofika upesi pande zote, na kadiri uzi ulivyo mnene ndivyo amri inavyokimbia. Hofu ya ngisi ndiyo iliyotupatia uzi unaoonekana kwa macho.

Agosti 1939, katika maabara ya bahari ya Plymouth, Uingereza, Alan Hodgkin, aliyekuwa na miaka 25, na mwanafunzi wake Andrew Huxley, miaka 21, walipenyeza mrija mwembamba wa kioo ndani ya uzi wa ngisi kwa urefu wake. Ilijulikana kwamba neva ikitulia, upande wa ndani huwa na umeme hasi ukilinganishwa na nje. Nadharia ya Mjerumani Julius Bernstein ilisema kwamba pigo linapopita, utando wa neva huvuja na tofauti hiyo hufutika, ikawa sifuri. Chombo chao kilionyesha kitu kingine. Upande wa ndani ulipanda, ukapita sifuri, ukawa chanya kwa makumi ya milivolti. Wiki chache baadaye Uingereza iliingia vitani. Walituma barua fupi kwa jarida la Nature bila maelezo ya sababu, na kwa miaka sita Hodgkin alifanya kazi ya rada za ndege.

Walirudi kwa ngisi vita vilipokwisha. Kwa kushirikiana na Bernard Katz, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, Hodgkin alipunguza sodiamu katika maji ya bahari yaliyozunguka neva, na pigo likapungua. Chumvi ya kawaida ndiyo ilikuwa siri. Nje ya neva kuna sodiamu nyingi, ndani kuna potasiamu nyingi, na kwenye utando kuna milango midogo. Neva ikichokozwa, milango ya sodiamu hufunguka, sodiamu huingia kwa kasi na kuifanya ndani iwe chanya. Ndani ya takriban elfu moja ya sekunde milango hiyo hujifunga na potasiamu hutoka, hali ikarudi. Badiliko hilo la umeme huifungua milango ya jirani, na jirani yake, hadi mwisho wa uzi, kama moto unavyoshika majani makavu ya mbuga: kila shina huwashwa na lililotangulia, na moto wa mwisho una nguvu sawa na wa kwanza. Ndiyo maana kasi aliyoipima Helmholtz ilikuwa ndogo, na ndiyo maana mapigo ya Adrian yalilingana.

Mwaka 1952 walichapisha hesabu zake. Kompyuta ya Cambridge ilikuwa imesimamishwa kufanyiwa marekebisho, kwa hiyo Huxley alikokotoa milinganyo yote kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Hesabu ilisema pigo litakimbia mita 18.8 kwa sekunde. Ngisi halisi alitoa 21.2. Nani angetazamia watu wawili na mashine ya mkono waikaribie kasi ya kiumbe hai kiasi hicho? Waliitwa Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Lakini milango ya Hodgkin na Huxley hufunguliwa na umeme. Ule wa kwanza kabisa, kwenye ncha ya ngozi au ulimi, ambako bado hakuna umeme bali joto au mguso, hufunguliwa na nini? Hapa aliyefungua njia ni mmea. David Julius wa San Francisco aliifuata kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali. Mwaka 1997 kikundi chake kilipata jeni ya protini inayoipokea, na wakagundua kwamba protini ileile hufunguka kwa joto linalozidi takriban nyuzi 43 za Selsiasi. Mtu anayelia kwamba pilipili imemchoma anasema kweli: ubongo wake umeletewa habari ya moto. Kipokezi cha kuku kinahisi joto lakini hakiijali kapsaisini, na ndege wa porini hula pilipili bila taabu wakaenda kuangusha mbegu mbali. Mwaka 2010 Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut anayefanya kazi California, alikuwa na wenzake wakizima jeni moja baada ya nyingine katika seli zinazohisi kuguswa. Orodha ilikuwa na jeni 72, na ya 72 ndiyo ilikuwa yenyewe: mlango unaofunguliwa na msukumo mtupu. Watu wachache waliozaliwa na hitilafu katika jeni iliyo ndugu ya hiyo, wakifumba macho, hawajui mikono yao iko wapi. Julius na Patapoutian walishiriki Nobel ya mwaka 2021.

Na safari hii mnyama wa kutoa jibu linalofuata anaishi kwetu. Katika ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia kuna fuko asiye na manyoya, anayeishi chini ya ardhi katika makundi ya makumi, wakati mwingine mamia, wakirundikana usingizini. Hewa ya humo hujaa kabonidayoksaidi, ambayo ikiingia mwilini huzalisha asidi, na asidi huchoma. Mwaka 2008 kikundi cha watafiti wa Chicago na Berlin kilieleza kwamba fuko huyo haonyeshi maumivu akipakwa asidi wala kapsaisini, ingawa akibanwa au kuguswa na kitu cha moto hujitoa kama panya yeyote. Mwaka 2011 watafiti wa Berlin walipata sababu ya upande wa asidi. Kipokezi chake kinaihisi sawasawa. Kilichobadilika ni mlango wa sodiamu kwenye neva za maumivu, wa jamii ileile waliyoikisia Hodgkin na Huxley: asidi huuziba kabla pigo halijaanza safari.

Mwaka 2019 waliwapima panya na fuko wa spishi kadhaa wa Afrika. Fuko wa nyanda za juu za Afrika Kusini, anayeishi pamoja na chungu wakali, hakuhisi mchomo wa kemikali ya haradali. Fuko wa Afrika Mashariki, yule anayewalia mizizi wakulima wa nyanda zetu za juu, hakuijali asidi, ijapokuwa si ndugu wa karibu wa yule asiye na manyoya na alifika hapo kwa njia yake mwenyewe. Watengenezaji wa dawa wanaisoma milango hiyo kwa makini. Januari 2025 Marekani iliidhinisha dawa ya maumivu makali inayoziba aina mojawapo ya milango ya sodiamu ya neva, nje ya ubongo, pasipo kutumia afyuni.